Historia ya Kusaka Hitilafu za Maulizo Baada ya Kupandisha Kiunzi

Programu ya wavuti inaweza kusoma na kuandika data bila shida kwa miaka, kisha siku kiunzi chake kinapopandishwa toleo, hifadhidata ikaanza kuikataa au kuipa majibu tofauti na ya jana. Mwenye programu hakugusa hata mstari mmoja wa maulizo yake. Kilichobadilika ni kiunzi, yaani ule msimbo ulio tayari ambao juu yake tovuti hujengwa, kama vile Django, Rails, Laravel, au Spring ikishirikiana na Hibernate. Kiunzi ndicho kinachogeuza maagizo ya mwanaprogramu kuwa maulizo ya SQL, na kikibadili namna ya kugeuza, ulizo linalofika kwenye hifadhidata si lile lililokuwa likifika awali.

Kazi ya kusaka hitilafu za aina hii imekua pamoja na viunzi vyenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi. Historia yake inafundisha jambo moja linalojirudia katika kila lugha na kila kiunzi: makosa mengi yanayoonekana siku ya kupandisha toleo hayakuzaliwa siku hiyo. Utata ulikuwamo ndani ya ulizo tangu lilipoandikwa, na toleo la zamani liliuvumilia. Kwa hiyo maendeleo ya kazi hii yamekuwa ni maendeleo ya kulitoa ulizo mafichoni na kuufanya utata wake uonekane mapema.

Ahadi ya mwaka 1970

Katika miaka ya 1960, hifadhidata kubwa kama IMS ya kampuni ya IBM zilipanga data kwa ngazi, mzazi juu na watoto chini yake. Programu iliyotaka taarifa ililazimika kujua njia: ianzie wapi, ishuke kupitia kiungo gani, isimame wapi. Mpangilio wa data ukibadilishwa, hata kwa sababu nzuri ya kuongeza kasi, programu zote zilizofuata njia ya zamani zilivunjika.

Mwezi Juni 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine. Data zipangwe katika majedwali, programu iseme inataka nini, na mfumo wenyewe utafute njia ya kukipata. Lengo lake lilikuwa kumkinga mtumiaji dhidi ya mabadiliko ya mpangilio wa ndani, ili mabadiliko hayo yaweze kufanyika bila kuvunja programu zilizopo.

Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuulizia majedwali hayo waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL. Mwaka 1979 kampuni iliyokuja kujulikana kama Oracle ilianza kuuza hifadhidata inayotumia lugha hiyo. Mwaka 1986 SQL ilipewa kiwango rasmi nchini Marekani, na mwaka 1987 kikawa kiwango cha kimataifa.

Kiwango hicho hakikuzifanya hifadhidata zote ziseme lafudhi moja. Kila bidhaa iliongeza maneno yake, ikasamehe makosa yake na kuacha vipengele ilivyoona havifai. Ahadi ya Codd ilizikinga programu dhidi ya mabadiliko ya mpangilio wa data. Haikugusia mfasiri ambaye angekuja kukaa kati ya programu na hifadhidata, kwa kuwa mfasiri huyo alikuwa bado hajaja.

Wakati maulizo yalipokuwa wazi

Tovuti za kwanza zilizotegemea hifadhidata hazikuwa na mfasiri. Rasmus Lerdorf alitoa PHP kwa umma mwaka 1995, mwaka uleule ambao MySQL ilizaliwa nchini Sweden mikononi mwa Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. Vitu hivi viwili vilienda pamoja kwa miaka mingi. Mwanaprogramu aliandika ukurasa, na katikati ya ukurasa huo akaweka ulizo la SQL kama maandishi ya kawaida, akaliunganisha na jina au namba iliyotoka kwenye fomu ya mtumiaji, kisha akalipeleka kwenye hifadhidata.

Mtindo huu ulikuwa na faida moja kubwa kwa msaka hitilafu: ulizo lilionekana. Likikataliwa, fundi alilichapisha kwenye skrini, akalinakili na kulijaribu moja kwa moja ndani ya MySQL. Hasara zake nazo zilikuwa kubwa. Maulizo yalitawanyika katika mamia ya mafaili, na yale yaliyounganishwa na maandishi ya mtumiaji bila ulinzi yaliruhusu mtu mbaya kupenyeza amri zake ndani ya ulizo.

Udhaifu huo wa usalama ulikuwa miongoni mwa sababu za kubadilisha zana. PHP 5.0 ya mwaka 2004 ilileta kiunganishi kipya cha mysqli, na PHP 5.1 ya mwaka 2005 ikaja na PDO, vyote vikiwa na uwezo wa kutenganisha amri na thamani zinazopachikwa ndani yake. Kiunganishi cha zamani kilianza kutolewa onyo katika PHP 5.5 ya mwaka 2013 na kikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwezi Desemba 2015. Tovuti zilizokuwa bado zinakitumia zilisimama pale seva zao zilipopandishwa. Angalau kosa lenyewe lilikuwa wazi: kitendaji kilichoitwa hakipo, na jina la faili na namba ya mstari vilitajwa.

Mfasiri aingia katikati

Programu kubwa za miaka ya 1990 ziliandikwa kwa lugha zinazopanga mambo kwa vitu: mteja, ankara, bidhaa, kila kimoja kikiwa na sifa na matendo yake. Hifadhidata zilibaki na majedwali na safu. Kuhamisha data kutoka umbo moja kwenda jingine kulikula muda mwingi, na zikaandikwa zana za kuifanya kazi hiyo. Mwaka 2001 Gavin King alianzisha Hibernate kwa ajili ya lugha ya Java. Mwaka 2002 Martin Fowler alichapisha kitabu kilichoorodhesha na kuzipa majina mbinu hizo, mojawapo ikiwa ni ile ambayo kila kitu cha programu huwakilisha safumlalo moja ya jedwali na kujua namna ya kujihifadhi chenyewe.

Mbinu hiyo ndiyo David Heinemeier Hansson aliyoiweka katika kiini cha Ruby on Rails, kiunzi alichokitoa mwaka 2004 baada ya kukichomoa kutoka katika programu aliyokuwa akiijenga. Mwaka uliofuata Django ilitolewa kwa umma. Taylor Otwell alifuata na Laravel kwa watumiaji wa PHP mwaka 2011.

Kwa viunzi hivi, mara nyingi mwanaprogramu hakuandika tena SQL. Aliandika kwa lugha yake mwenyewe kwamba anataka ankara za mwezi huu zilizopangwa kwa tarehe, na kiunzi kikatunga ulizo. Kazi ilienda haraka, na milango mingi ya kupenyeza amri ikafungwa. Lakini ulizo liliondoka machoni. Sasa palikuwa na tabaka lenye maamuzi yake: jedwali lipi liunganishwe na lipi, lini ulizo litumwe, muamala (kundi la maulizo yanayofaulu au kushindwa pamoja) uanze na kuisha wapi. Maamuzi hayo yalikuwa mali ya watunzaji wa kiunzi, nao wangeweza kuyabadilisha katika toleo lijalo. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi inayozungumziwa hapa.

Mfano wa Django

Django ilianzia katika chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ambako muda wa kukamilisha kazi ulihesabiwa kwa saa. Kiunzi walichokijenga kilitolewa kama programu huria mwezi Julai 2005, kikapewa jina la mpiga gitaa wa jazi, Django Reinhardt.

Mshtuko wa kwanza ulikuja mapema. Katika matoleo ya mwanzo, kiunzi kilijitungia chenyewe moduli za kuulizia data, na mwanaprogramu aliita vitendaji ambavyo havikuandikwa mahali popote katika msimbo wake. Toleo la 0.95 la mwaka 2006 liliufuta utaratibu huo na kuweka njia iliyo wazi, ambayo kila ulizo huanzia kwenye aina ya kitu chenyewe. Karibu kila ulizo katika kila tovuti ya Django lililazimika kuandikwa upya. Mwaka 2008 Malcolm Tredinnick alikamilisha kazi ya kuandika upya injini ya kutunga maulizo, na mwezi Septemba mwaka huohuo toleo la 1.0 likatoka pamoja na ahadi: kitu hakitaondolewa ghafla. Kwanza kitatolewa onyo, kisha baada ya matoleo kadhaa ndipo kitaondolewa.

Ahadi hiyo ilibadilisha kazi ya msaka hitilafu. Tangu hapo angeweza kuyajua makosa kabla hayajatokea, mradi ayasome maonyo. Hata hivyo, visa viwili vya Django vinaonyesha kwa nini maonyo peke yake hayatoshi.

Kisa cha kwanza kinahusu miamala. Hadi toleo la 1.5, Django ilifungua muamala kimyakimya na kuufunga kila baada ya kuhifadhi. Toleo la 1.6 la mwezi Novemba 2013 liliacha desturi hiyo: kila ulizo sasa lilikamilika lenyewe papo hapo, na aliyetaka maulizo kadhaa yafaulu au yashindwe kwa pamoja aliyazungushia kizuizi maalumu. Waliohamia utaratibu mpya kwenye PostgreSQL walikutana na kosa linalosema kuwa maulizo hayaruhusiwi mpaka kizuizi kimalizike. Ulizo lililotajwa kwenye kosa lilikuwa zima kabisa, na waliolichunguza hawakuona kitu. Mkosaji alikuwa ulizo lililotangulia: lilivunja sharti la hifadhidata, msimbo ukalimeza kosa hilo na kuendelea. PostgreSQL, ulizo moja likishashindwa ndani ya muamala, hukataa yote yanayofuata mpaka muamala urudishwe nyuma. Funzo lililobaki katika kazi hii ni kwamba ulizo linalolalamikiwa si lazima liwe ndilo lenye kosa, na usakaji hurudi nyuma hadi kosa la kwanza.

Kisa cha pili hakikuwa na kosa lolote kwenye skrini, na kwa sababu hiyo ndicho cha hatari zaidi. Django humruhusu mwanaprogramu kutangaza mpangilio wa kawaida wa jedwali, kwa mfano mauzo yapangwe kwa tarehe. Akitaka jumla ya mauzo kwa kila mkoa, huandika ulizo la kukusanya kwa mkoa. Kwa miaka mingi kiunzi kiliichukua ile safu ya tarehe kutoka kwenye mpangilio wa kawaida na kuiongeza katika sehemu ya GROUP BY. Ulizo lililofika kwenye hifadhidata halikuwa la kukusanya kwa mkoa, bali kwa mkoa na tarehe kwa pamoja. Mkoa mmoja ulijitokeza mara nyingi, kila mara na kipande tu cha jumla yake. Aliyejua aliondoa mpangilio kwa kuongeza order_by tupu. Asiyejua aliijenga ripoti yake juu ya vipande hivyo, au aliandika msimbo wa ziada wa kuvijumlisha.

Toleo la 2.2 la mwaka 2019 lilianza kutoa onyo, na toleo la 3.1 la mwezi Agosti 2020 likaacha kabisa kuupeleka mpangilio wa kawaida katika maulizo ya namna hiyo. Baada ya kupandisha, ripoti zilibadilika: safumlalo zilipungua, jumla zikaongezeka, na mpangilio wa tarehe ukatoweka. Toleo jipya ndilo lililokuwa sahihi. Lakini mtu aliyezoea ripoti ya zamani aliona kama kiunzi kimeharibu hesabu, na njia pekee ya kumaliza ubishi ilikuwa kuchapisha ulizo la zamani na jipya, kuyaweka sambamba na kuangalia sehemu ya GROUP BY neno kwa neno.

Badiliko jingine kubwa lilikuwa la majedwali yenyewe. Mwaka 2008 Andrew Godwin alitoa zana iitwayo South, iliyoandika kila badiliko la muundo wa hifadhidata katika faili lenye namba yake. Baada ya kuchangiwa fedha na umma mwaka 2013, aliijenga upya ndani ya Django, na ikatoka na toleo la 1.7 mwezi Septemba 2014. Baadhi ya waliohama kutoka South walikumbana na makosa ya majedwali yanayodaiwa kuundwa ilhali tayari yapo, kwa sababu orodha mpya ya mabadiliko ilianza kuhesabu kutoka sifuri. Toleo la 1.7 lilijaribu kuikiri hali iliyopo lenyewe bila kuunda kitu upya, na toleo la 1.8 likataka jambo hilo liombwe wazi. Tangu hapo, faili la mabadiliko limekuwa sehemu ya kwanza kukaguliwa panapotokea kosa la safu isiyopatikana.

Hifadhidata nazo hubadilika

Kiunzi hakipandishwi peke yake. Mara nyingi mfumo wa uendeshaji wa seva hupandishwa pamoja nacho, na hifadhidata mpya huja ndani yake. Ndiyo maana sehemu ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya kiunzi hutoka chini zaidi.

PostgreSQL 8.3 ya mwezi Februari 2008 iliacha kugeuza namba kuwa maandishi bila kuombwa. Ulizo lililotafuta namba za simu zinazoanza na tarakimu fulani katika safu ya aina ya namba, kwa kutumia LIKE, lilifanya kazi jana na kukataliwa leo. MySQL 5.7 ya mwezi Oktoba 2015 nayo ilianza kukataa maulizo ya kukusanya yanayoomba safu isiyokusanywa wala kujumlishwa. Kabla ya hapo MySQL ilichagua thamani yoyote katika kundi na kuirudisha kana kwamba ndilo jibu. Kosa namba 1055, lililosumbua tovuti nyingi mwaka huo na iliyofuata, lilikuwa linataja swali ambalo tangu mwanzo halikuwa na jibu moja.

MySQL 8.0 ya mwaka 2018 iliongeza maneno yaliyotengwa kwa matumizi ya lugha yenyewe, yakiwemo rank, groups na system. Jedwali la matokeo ya mitihani lenye safu iitwayo rank likawa chanzo cha kosa la sarufi. Maulizo yaliyotungwa na kiunzi mara nyingi yalinusurika, kwa kuwa viunzi vingi huyafunga majina ya safu ndani ya alama. Yaliyoanguka ni yale yaliyoandikwa kwa mkono na kupitishwa pembeni ya kiunzi.

Laravel inatoa mfano unaoweza kuonyeshwa kwa hesabu. Toleo la 5.4 la mwezi Januari 2017 lilibadilisha usimbaji wa herufi wa kawaida kuwa utf8mb4, ili hifadhidata ziweze kutunza emoji na herufi nyingine zinazohitaji baiti 4. Usimbaji wa awali wa MySQL ulitenga baiti 3 kwa kila herufi. Safu ya barua pepe yenye herufi 255 ilihitaji baiti 765, na kikomo cha faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) katika MySQL nyingi za wakati huo kilikuwa baiti 767. Ilipita kwa tofauti ya baiti 2. Kwa usimbaji mpya safu ileile ilihitaji baiti 1,020, na jedwali la watumiaji likashindwa kuundwa katika amri za kwanza kabisa za mradi mpya. Dawa iliyoenea ilikuwa kupunguza urefu wa kawaida hadi herufi 191, ambazo mara 4 ni baiti 764. Wengi waliiandika namba 191 bila kujua ilikotoka. Matoleo mapya ya MySQL yalipanua kikomo hadi baiti 3,072, na sababu ya kuiandika ikaisha.

Upande wa pili pia upo: hifadhidata kupandishwa huku kiunzi kikibaki nyuma. PostgreSQL 12 ya mwezi Oktoba 2019 iliacha kupokea thamani ya panic katika mpangilio wa ujumbe unaotumwa kwa programu. Matoleo ya zamani ya Rails yalituma thamani hiyo kila yalipofungua muunganisho, na programu nzima ikakataliwa mlangoni kabla ya kuuliza chochote.

Hibernate na mifumo ya afya

Katika Afrika Mashariki historia hii ina sura yake katika OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Wazo lake lilianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, wakati huduma za wagonjwa wa UKIMWI zilipokuwa zikipanuka haraka kuliko makaratasi yalivyoweza kuhimili. Mfumo ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na baadaye ukasambaa hadi Rwanda, Uganda na kwingineko. Ndani yake kuna Java, Hibernate na MySQL.

OpenMRS imejengwa kwa moduli. Kiini ni kimoja, na juu yake kila nchi au mradi huongeza moduli zake, zilizoandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Kiini kilipotaka kuhama kutoka Hibernate 3 kwenda Hibernate 4, kikwazo kilikuwa kidogo kwa ukubwa na kizito kwa athari. Kitendaji kinachotoa kikao cha kuzungumza na hifadhidata kilibaki na jina lilelile, lakini aina ya kitu kinachorudishwa ilihamishiwa kwenye kifurushi kingine. Moduli iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya Hibernate 3 ilitafuta aina ya zamani, ikaambiwa kitendaji hakipo, na ikakwama ingawa katika msimbo wake wa asili hapakuwa na herufi iliyopaswa kubadilika.

Watunzaji walitatua jambo hilo kwa kuweka tabaka jembamba liitwalo DbSessionFactory, ambalo moduli ingeliomba kikao badala ya kuiomba Hibernate moja kwa moja. Moduli moja ikaweza kufanya kazi juu ya matoleo yote mawili. Kwa mfumo unaotumika katika zahanati iliyo mbali na fundi, ambako si kila kituo kinaweza kupandishwa kwa siku moja, njia hii ilikuwa na maana kubwa kuliko usafi wa msimbo.

Hibernate yenyewe iliendelea kubana. Toleo la 5.3 la mwaka 2018 liliacha kukubali alama ya kuuliza tupu kama nafasi ya kupachika thamani katika maulizo yake, likataka kila alama iwe na namba. Programu za Spring Boot zilizopandishwa hadi toleo la 2.1 zilipata Hibernate hiyo bila kuichagua, na zile zenye maulizo ya namna hiyo zikakataa kuanza. Hibernate 6 ya mwaka 2022 iliondoa njia yake ya zamani ya kujenga maulizo kwa vigezo, iliyokuwa imetumika tangu miaka ya mwanzo. Spring Boot 3.0 ilipotoka mwezi Novemba mwaka huohuo ikiwa na Hibernate 6, mashirika mengi yalilazimika kuandika upya tabaka zima la maulizo.

Utaratibu uliojengeka

Kutokana na visa hivi na vingine vya aina hiyo, mafundi wamejenga utaratibu ambao leo unafanana katika viunzi vyote. Kwanza ni kupanda ngazi moja kwa wakati. Django tangu toleo la 2.0 la mwezi Desemba 2017 hutoa toleo jipya takriban kila miezi 8, na toleo la muda mrefu kila miaka 2. Anayetoka 2.2 kwenda 4.2 hushauriwa kusimama 3.2 kwanza, kwa sababu kila kituo kina maonyo yanayoeleza kitakachovunjika kwenye kituo kinachofuata. Akiruka, maonyo hayo hayaoni kamwe, na huyapata yakiwa tayari makosa.

Pili ni kuyafanya maonyo yaonekane. Python kwa kawaida huficha maonyo mengi ya namna hii, kwa hiyo majaribio huendeshwa kwa amri inayoyageuza kuwa makosa kamili. Majaribio hayo hufanywa kwenye aina ileile ya hifadhidata inayotumika kazini. Wanaojaribu kwa SQLite na kuendesha kwa PostgreSQL hugundua tofauti za miamala na aina za data mbele ya wateja.

Tatu ni kulitoa ulizo mafichoni. Kila kiunzi kina njia ya kuandika kwenye logi maulizo yote kinayoyatuma, na Django tangu toleo la 1.3 la mwaka 2011 ina jaribio linalohesabu idadi ya maulizo ya sehemu fulani ya programu. Logi ya kabla ya kupandisha hulinganishwa na ya baadaye. Ulizo lililobadilika huendeshwa peke yake ndani ya hifadhidata, na amri ya EXPLAIN huonyesha njia ambayo hifadhidata itaifuata na faharasa itakazozitumia. Hatua hii hufichua pia hitilafu zisizo na kosa: ukurasa uliokuwa ukituma maulizo 3 sasa unatuma 300, au jumla imebadilika bila mtu kuambiwa.

Nne ni kupunguza eneo la msako. Pale badiliko lenye kosa halijulikani, mabadiliko yote hugawanywa nusu kwa nusu hadi lipatikane moja. Katika Git kazi hiyo hufanywa na amri ya bisect. Mabadiliko 1,000 humalizika kwa majaribio 10 hivi.

Tano ni kuyatafuta kwanza maulizo yaliyoandikwa kwa mkono. Kiunzi huchukua jukumu la maulizo kinayoyatunga chenyewe, na maonyo yake hayafiki kwenye SQL iliyopitishwa pembeni. Rails tangu toleo la 5.2 la mwaka 2018 ilianza kuonya pale maandishi ghafi yanapopitishwa katika sehemu ya kupanga matokeo, na baadaye ikayakataa mpaka mwanaprogramu atamke wazi kwamba anajua anachofanya. Katika programu kongwe, maulizo hayo ndiyo huwa ya kwanza kuanguka.

Elimu hii kwa miaka mingi ilipitishwa kwa maelezo ya matoleo na kwa mafundi kufundishana. Sasa ina mikutano yake pia. Mkutano wa kwanza wa DjangoCon barani Afrika ulifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, na uliofuata ukafanyika Arusha mwaka 2025. Wanaokutana huko ni pamoja na wale wanaotunza mifumo iliyojengwa juu ya matoleo yaliyokwisha kuachwa, ambayo hayapokei tena marekebisho ya usalama. Kwao kupandisha toleo ni wajibu usio na mbadala, kwa kuwa hifadhidata zao zinabeba taarifa za watu wengine. Nusu ya kazi hiyo hufanyika kabla ya siku ya kupandisha, kwa kusoma maonyo na kuchapisha maulizo. Nusu ya pili huwa rahisi kwa kadiri ya nusu ya kwanza ilivyofanywa.